Kumsoma Mbunge Kijana wa Bengaluru Ukiwa Mwanza: Tathmini ya Huduma ya PRS

Huduma ninayoitathmini hapa inatolewa na PRS Legislative Research, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 2005 na yenye makao yake New Delhi. Kazi zake ni nyingi, kuanzia kuchambua miswada hadi kuwapatia wabunge vijana wa kuwasaidia utafiti, lakini sehemu iliyonivuta mimi ni ile inayoitwa MP Track, yaani kurasa za mtandaoni zinazomwonyesha kila mbunge wa India kwa mahudhurio yake, michango yake katika mijadala, maswali aliyouliza na miswada binafsi aliyowasilisha. Haina malipo wala usajili. Mwenye simu na bando la kawaida anaingia na kusoma. Nimekuwa nikiitumia pamoja na vijana wanaosomea sheria hapa Mwanza, ambao wengi wao wana hamu ya siasa, na ninaandika kwa ajili yao na kwa yeyote anayetaka kujua namna ya kuipima kazi ya mwanasheria kijana aliyeingia bungeni.

Huenda msomaji akauliza kwa nini twende mbali hivyo. Sababu yangu ni ya kisheria. Sheria yetu ya Mikataba ilichotwa katika ile ya India ya mwaka 1872, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilifuata kwa karibu ile ya India ya mwaka huohuo wa 1872, na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 ina mizizi yake katika ile ya India ya 1908. Ndiyo maana wakili anayesimama Mahakama Kuu hapa Mwanza hashangai kusikia mwenzake akinukuu hukumu ya Delhi au ya Bombay. Sasa India yenyewe imekwishaiweka kando sheria yake ya ushahidi ya 1872: mwezi Desemba 2023 Bunge lake lilipitisha sheria tatu mpya za jinai na ushahidi, zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na zilipitishwa wakati wabunge zaidi ya 140 wa upinzani wakiwa wamesimamishwa kuhudhuria vikao. Mwanafunzi wa sheria wa Mwanza ana haki ya kutaka kujua nani alizungumza siku zile na nani alikaa kimya, kwa kuwa chimbuko la vifungu anavyovikariri ndilo lililokuwa likifukiwa.

Mbunge tuliyemchagua kuwa mfano ni Tejasvi Surya. Alizaliwa tarehe 16 Novemba 1990, akasomea sheria Bengaluru, akafanya kazi ya uwakili katika Mahakama Kuu ya Karnataka, eneo ambalo makao makuu yake ni Bengaluru, na mwaka 2019, akiwa na miaka 28, akawa mbunge wa jimbo la Bangalore South (Bangalore ni jina la zamani la Bengaluru) kwa tiketi ya BJP, chama tawala cha India. Jimbo hilo lilikuwa mikononi mwa Ananth Kumar tangu 1996 hadi alipofariki Novemba 2018, na wengi walitarajia kwamba mjane wake ndiye angepewa nafasi ya kugombea. Chama kilimtangaza kijana huyu dirisha la kurudisha fomu likiwa karibu kufungwa. Alimshinda B.K. Hariprasad wa Congress kwa tofauti ya kura zaidi ya 331,000, na mwaka 2024 akarudi bungeni kwa kumshinda Sowmya Reddy kwa tofauti ya zaidi ya kura 277,000. Kati ya chaguzi hizo mbili, mwezi Septemba 2020, alikabidhiwa uongozi wa taifa wa jumuiya ya vijana ya chama chake, nafasi ambayo hapa kwetu ungeilinganisha na uenyekiti wa UVCCM. Nimemchagua kwa sababu ni wakili, ni kijana, amekwishamaliza kipindi kizima cha miaka mitano bungeni, na ni mtu ambaye watu hawana maoni ya vuguvugu juu yake: wanaompenda wanampenda sana, na wanaompinga wanampinga kwa nguvu zilezile. Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji kumbukumbu iliyoandikwa kuliko mwingine yeyote.

Ukifungua ukurasa wake unakutana kwanza na mambo ya msingi: jimbo la uchaguzi, chama, umri, elimu, na tarehe ya kuanza kipindi. Chini yake kuna vile vipimo nilivyovitaja, na kila kimoja kina namba ya mbunge mwenyewe ikifuatiwa na wastani wa nchi nzima na wastani wa wabunge wenzake wa Karnataka, ambao katika Lok Sabha, yaani bunge la chini la India, wako 28. Mpangilio huu wa kuweka wastani kando ya namba ya mtu ndio ninaouthamini kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii. Namba ya mahudhurio ikisimama peke yake haina maana kwa msomaji. Ikikaa pembeni ya wastani inaanza kuzungumza. Vijana wetu walilielewa jambo hili mara moja, na hawakuwa tena na haja ya kubishana juu ya nani anaonekana sana kwenye runinga.

Kisha unashuka kwenye orodha ya maswali, na hapo ndipo penye utajiri. Kila swali lina tarehe, kichwa chake, aina yake na wizara iliyoulizwa. Bunge la India linagawa maswali katika makundi mawili makubwa: yale yenye nyota, ambayo waziri huyajibu kwa mdomo na mbunge akapewa nafasi ya swali la nyongeza, na yale yasiyo na nyota, ambayo hujibiwa kwa maandishi. Katika Lok Sabha, kwa siku moja huorodheshwa maswali 20 ya aina ya kwanza na hadi 230 ya aina ya pili, na wabunge hupata zamu kwa kuchezeshwa bahati nasibu. Jambo hilo la bahati nasibu lazima msomaji alijue kabla hajahukumu. Mbunge mwenye maswali mengi yenye nyota anaweza kuwa hodari, na anaweza pia kuwa na bahati. Aliye na maswali mengi ya maandishi huenda ana wasaidizi wazuri wa kuyaandaa. Ukurasa hauelezi lolote kati ya haya, unakupa namba na kukuacha ufikiri mwenyewe.

Ili kuonyesha jinsi unavyoweza kusoma kwa makini, chukua suala la usafiri wa jiji. Bengaluru inajulikana kwa foleni zake, na njia ya metro iitwayo Yellow Line, yenye urefu wa kilomita 19 hivi, ilichelewa miaka mingi hadi ilipofunguliwa na Waziri Mkuu tarehe 10 Agosti 2025. Surya aliipigia kelele hadharani, hata akaongoza maandamano ya kudai ifunguliwe. Anayetaka kujua kama kelele hizo zilifika pia ndani ya Bunge anachofanya ni kupita kwenye orodha ya maswali, akatafuta yale yaliyopelekwa wizara ya nyumba na miji, ambayo ndiyo inayosimamia metro, na yale ya wizara ya reli, kisha akaangalia tarehe. Baada ya hapo anakwenda kwenye tovuti ya Bunge lenyewe kusoma jibu. Majibu hayo yana sura yake. Swali limegawanywa kwa herufi, (a) hadi (d) au (e), kila herufi ikidai jambo lake: kiasi cha fedha, sababu ya kuchelewa, tarehe ya kukamilika, halafu waziri anakuja na jibu moja lililofunga herufi zote pamoja, likisema kwamba taarifa imewekwa mezani, na hiyo taarifa nayo iko chini, yenye aya ndefu na jedwali. Kijana anayejizoeza uwakili anapaswa kulisoma jibu hilo kama anavyosoma maelezo ya utetezi ya upande wa pili, akitafuta herufi ipi imerukwa. Mara nyingi iliyorukwa ndiyo iliyokuwa na uzito.

Suala la pili linatuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ni la ushirika. Mwezi Januari 2020 Benki Kuu ya India iliiwekea vikwazo benki ya ushirika ya Sri Guru Raghavendra, iliyoko Bengaluru, na wenye akaunti wakajikuta hawaruhusiwi kutoa zaidi ya rupia 35,000. Wengi wa wawekaji walikuwa wastaafu waliokuwa wameweka humo kiinua mgongo chao. Surya alikuwa miongoni mwa waliojitokeza mapema kuwatuliza na kusema kwamba suala hilo limefikishwa kwa Waziri wa Fedha, na katika bajeti ya Februari mwaka huo kinga ya amana kwa kila mwekaji ilipandishwa kutoka rupia laki moja hadi laki tano. Lakini fedha nyingi za watu ziliendelea kukwama, na hasira za wawekaji hazikuisha. Wakulima na wafanyakazi wa huku, ambao wameona vyama vya ushirika vya pamba vikipanda na kuanguka na SACCOS zikifunga milango, wanajua uchungu wa jambo hili bila kuelezwa. Huduma ya PRS inakusaidia kuona mbunge aliuliza nini na lini kuhusu mabenki. Haiwezi kukuonyesha mstaafu aliyepata au aliyekosa fedha yake. Kwa hilo lazima usome magazeti ya Bengaluru.

Hapo nafikia kasoro za huduma yenyewe, na kubwa kuliko zote ni kwamba kazi ya kamati haihesabiwi. Mwezi Desemba 2019 serikali ya India iliwasilisha muswada wa kulinda taarifa binafsi, ukapelekwa kwenye kamati ya pamoja ya mabunge yote mawili, na Surya alikuwa mmoja wa wajumbe. Kamati hiyo ilifanya kazi miaka miwili na kutoa taarifa yake Desemba 2021. Serikali iliuondoa muswada huo Agosti 2022, na mwaka 2023 ikapitisha sheria mpya iliyo fupi zaidi. Kwa mbunge ambaye ni wakili, hakuna mahali ambapo elimu yake inahitajika kuliko kwenye kamati ya namna hiyo, mnapokaa kubishana juu ya maana ya ridhaa, juu ya mamlaka ya serikali kujiondoa katika sheria, juu ya adhabu. Lakini vikao vya kamati nchini India hufanyika faraghani, na katika vipimo vya MP Track miaka ile miwili haimwongezei mbunge hata alama moja. Sisi tulipitisha Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwanafunzi wa hapa anayetaka kulinganisha safari za sheria hizi mbili atapata zaidi kwenye taarifa ya kamati hiyo kuliko kwenye ukurasa wa mjumbe yeyote. Nashauri aisome yote, pamoja na maoni ya wajumbe waliotofautiana na wenzao.

Kasoro ya pili ni kura. Miswada mingi ya India hupitishwa kwa sauti za ndiyo na siyo, bila majina kuandikwa, na tangu mwaka 1985 Katiba inamwadhibu kwa kumvua kiti mbunge anayepiga kura kinyume na agizo la mnadhimu wa chama chake. Kwa hiyo hata kama kura zingeorodheshwa, zingetuonyesha msimamo wa chama kuliko msimamo wa mtu. Hili si kosa la PRS, lakini msomaji mgeni anaweza kudhani kwamba ukurasa unaonyesha kila kitu ambacho mbunge amefanya, na taasisi ingefanya vema kuliweka onyo hilo mahali panapoonekana.

Mahudhurio nayo yana mipaka yake. Yanatokana na daftari ambalo mbunge husaini. Aliyesaini asubuhi akaondoka anahesabiwa sawa na aliyekaa hadi taa zinazimwa. Mawaziri hawasaini daftari hilo, na kwa hiyo ukimtafuta waziri hutaona namba yake. Ina maana kwamba mbunge kijana anayepanda cheo anatoweka kwenye kipimo hiki siku ileile anapopata madaraka makubwa zaidi, jambo ambalo kwa mtazamo wangu ni pengo kubwa. Tena vipo vikao visivyo vya kawaida: katika mkutano wa Septemba 2020, wakati wa janga la korona, kipindi cha maswali ya mdomo kilifutwa kabisa na yakabaki ya maandishi tu. Anayelinganisha mwaka na mwaka lazima alikumbuke hilo, vinginevyo atamlaumu mtu kwa kunyamaza wakati mlango wenyewe ulikuwa umefungwa.

Na kuna yale yanayosemwa nje ya Bunge. Tarehe 25 Desemba 2021, mjini Udupi, Surya alizitaka nyumba za ibada za Kihindu zijiwekee malengo ya kila mwaka ya kuwarudisha watu waliotoka katika Uhindu kwenda dini nyingine. Maneno yake yalizua ghadhabu, na siku mbili baadaye akayafuta bila masharti. Katika ukurasa wake wa MP Track tukio hilo halipo, na kwa kanuni za huduma halipaswi kuwapo. Kwangu mimi ninayeishi katika jiji ambalo msikiti, kanisa na hekalu vinapakana na watu wake wanazikana bila kuulizana dini, hotuba ile ni sehemu ya kazi ya mbunge huyu sawa na swali lolote aliloliuliza, na kufutwa kwake hakuiondoi kwenye mizani. Anayemsoma Surya kwa namba peke yake atamwona mbunge mchapakazi; anayemsoma kwa hotuba peke yake atamwona mchochezi. Nimewasisitizia vijana wasome vyote viwili kabla hawajafungua midomo.

Kwa sababu hiyo siwezi kuisifu PRS bila kuitaja jirani yake, MyNeta, ambayo inaendeshwa na chama cha kiraia kiitwacho Association for Democratic Reforms. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1999 na maprofesa wa chuo cha uongozi cha Ahmedabad, waliokwenda mahakamani kudai kwamba mpiga kura ana haki ya kujua historia ya mgombea. Mahakama ya Juu iliwakubalia mwaka 2002, na jaribio la wanasiasa kulipunguza makali agizo hilo likatupwa na mahakama hiyohiyo mwaka 2003. Tangu hapo kila mgombea nchini India huapa hati yenye elimu yake, mali na madeni yake, na mashtaka ya jinai yanayomkabili, na MyNeta huzipanga hati hizo ili zisomeke. Hao ndio walioshinda pia Februari 2024, mahakama ilipofuta hati fungani za siri za kuchangia vyama. Kwa mwanasheria kijana, historia hii peke yake inatosha kumfundisha kesi moja iliyoandaliwa vizuri inaweza kufanya nini.

Kwa Surya, hati za kiapo zinaonyesha mali ya takriban rupia milioni 1.3 mwaka 2019, na zaidi ya rupia milioni 41 mwaka 2024, sehemu kubwa ikiwa kwenye hisa na mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Sisemi kwamba ongezeko hilo lina doa. Ninachosema ni kwamba mpiga kura wa Bangalore South aliziona namba zote mbili kabla ya kupiga kura, akapata nafasi ya kuuliza, na akaamua. Angalizo moja kwa wasomaji wa huku: kurasa hizo huhesabu kwa laki na kwa kroo, na kroo moja ni milioni 10, kwa hiyo soma taratibu usije ukapoteza sifuri.

Kuna jambo ambalo huduma zote mbili haziliweki mbele, nalo ni ukoo. Mjomba au baba mdogo akiwa mbunge, mlango wa siasa hufunguka mapema. Surya ana ndugu wa karibu wa kizazi cha wazazi wake, Ravi Subramanya, ambaye ni mjumbe wa bunge la chini la Karnataka (Legislative Assembly) kutoka eneo la Basavanagudi. Mfano ulio wazi zaidi ni Priya Saroj wa chama cha Samajwadi, aliyezaliwa Novemba 1998, mwanasheria aliyefanya kazi katika Mahakama ya Juu, na ambaye mwaka 2024 alishinda jimbo la Machhlishahr, Uttar Pradesh, kwa tofauti ya kura 35,850 akiwa na miaka 25 tu, umri wa chini kabisa unaoruhusiwa kugombea Lok Sabha. Baba yake, Tufani Saroj, alikuwa mbunge kwa vipindi vitatu. Sitaki kumshushia heshima yake. Kushinda jimbo la Uttar Pradesh dhidi ya mbunge aliyekuwa madarakani si mchezo, na jina la baba halikusanyi kura zote. Hata hivyo kijana wa Igoma au wa Buhongwa anayesoma kurasa hizi na kujiuliza kwa nini mwenzake wa miaka 25 amefika bungeni anastahili kupewa na habari hiyo. Pia nawaonya wanaopenda kulinganisha: kumweka Priya Saroj, aliyeanza 2024 na yuko upinzani, kando ya Surya mwenye kipindi kizima nyuma yake na chama tawala mgongoni, ni kumwonea. Huduma inakuruhusu kuchuja wabunge kwa umri, jinsia, chama na elimu, basi mlinganishe na wapya wenzake.

Nihamie kwenye matumizi ya kawaida. Kwenye simu kurasa zinafunguka vizuri, ingawa majedwali ya maswali ni mapana na kidole kinachoka kuyasogeza. Kwenye kompyuta ya maktaba kazi inakuwa nyepesi zaidi. Lugha ni Kiingereza, na muhtasari wa miswada mingi unapatikana kwa Kihindi pia. Muhtasari huo wa miswada ni kazi bora sana: kurasa chache, maneno machache, hoja za kila upande, bila kukwambia uunge mkono nini. Nimewaona vijana wasioweza kumaliza kusoma muswada wakiushika kwa njia hiyo, kisha wakarudi kwenye muswada wenyewe wakiwa na hamu.

Na hapa kwetu? Tovuti ya Bunge la Tanzania huweka Hansard, na huweka maswali na majibu, na tunapaswa kuwashukuru wanaofanya kazi hiyo. Tatizo ni kwamba mtu anayetaka kufuatilia jambo moja kwa miaka kadhaa, kwa mfano nani aliuliza nini kuhusu daraja la Kigongo–Busisi tangu lilipokuwa ahadi hadi lilipofunguliwa Juni 2025, hana budi kufungua jalada moja baada ya jingine na kusaka kwa macho. Mahakama imetutangulia: kupitia TanzLII, tovuti inayochapisha hukumu za mahakama zetu, hukumu inayotolewa hapa Mwanza inaweza kusomwa na mtu yeyote bure, na namna mawakili tunavyofanya kazi imebadilika kabisa kwa sababu hiyo. Wakenya, wenzetu wa upande wa pili wa ziwa, wana Mzalendo, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 2000 kwa mikono ya vijana wawili, mmoja wao mwanasheria Ory Okolloh, na inayofanana sana na PRS kwa kuonyesha nani anazungumza bungeni na nani hazungumzi. Kuhusu mali, viongozi wetu hutoa tamko kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1995, lakini matamko hayo hayawekwi mtandaoni, na mpiga kura wa Nyamagana au Ilemela hapati nafasi aliyoipata yule wa Bangalore South ya kuweka namba mbili kando kando.

Nchi yetu inamruhusu kijana wa miaka 21 kugombea ubunge, miaka minne kabla ya India. Tumewaamini vijana mapema zaidi kwenye sanduku la kura. Kinachokosekana ni ukurasa wa kuwasoma wakishafika Dodoma. Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Hansard ipo, maswali yapo, wanafunzi wa sheria wenye muda wa likizo wapo Malimbe na kwingineko, na kilichobaki ni kuyapanga kwa jina, kwa tarehe na kwa wizara, kwa Kiswahili, na kuweka wastani pembeni. Nimeanza kulizungumza jambo hili na baadhi ya vijana, na nitafurahi kusikia kutoka kwa mwingine yeyote wa Kanda ya Ziwa aliyekwishalianza.

Kwa huduma ya PRS naipa alama nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya kamati, kwa sababu mwanasheria anayeingia bungeni hufanya sehemu bora ya kazi yake huko, na kurasa hizi bado hazijapata njia ya kuionyesha. Anayetaka kuijaribu aanze na mbunge asiyempenda, afungue maswali yake ya mwaka mmoja tu, na asome majibu matatu yaliyo kamili kabla ya kurudi kutazama namba.